Shule zifunguliwe au zisubiri? Mambo ya kupima wakati ugonjwa bado uko mtaani

Kila ugonjwa mpya unapoanza kutajwa kwenye taarifa ya habari, swali la shule huja mapema kuliko hata swali la dawa. Mzazi mmoja anasema watoto hawaugui, basi warudi darasani kesho. Mwingine anasema shule ndiko ugonjwa unakozaliana, zifungwe mpaka mgonjwa wa mwisho apone. Walimu wanauliza nani amewafikiria wao. Wizara inatoa tamko leo, wiki ijayo inalitengua, na watu wanabaki wakiamini kwamba kila mtu anabahatisha.

Mwaka 2020 kubahatisha kulikuwa na sababu, kwa kuwa kirusi cha Korona kilikuwa kipya. Kufikia Aprili mwaka huo, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 katika nchi zaidi ya 190 walikuwa wamekaa nyumbani. Nchi nyingine zilifungua baada ya mwezi mmoja, nyingine baada ya karibu miaka miwili, na nyingine hazikuwafungia kabisa watoto wadogo. Tofauti hizo zimetuachia ushahidi ambao waamuzi wa wakati ule hawakuwa nao, na ni makosa kuendelea kubishana kana kwamba haupo.

Ushahidi huo hautoi jibu moja la ndiyo au hapana. Unatupa mambo matatu ya kupima: ugonjwa umeenea kiasi gani nje ya geti la shule, darasa lenyewe liko katika hali gani, na watoto wanapoteza nini wakikaa nyumbani. Anayejibu bila kuuliza hayo matatu anatoa maoni yake tu.

Tuelewane kwanza

Mlipuko ni pale ugonjwa mmoja unapowapata watu wengi kuliko kawaida, mahali fulani, kwa kipindi fulani. Ukivuka mipaka na kusambaa mabara kwa mabara, unakuwa janga la dunia. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja Korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na tarehe 5 Mei 2023 likatangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha.

Maambukizi ndani ya jamii ni hali ambayo watu wanaugua na haijulikani wameupata wapi. Hawakusafiri, wala hawakukutana na mgonjwa anayefahamika. Kiwango cha maambukizi ni idadi ya wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000, kwa kawaida ndani ya siku saba. Kasi ya maambukizi ni jambo jingine: ni wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. Ikizidi 1, ugonjwa unapanda. Ikishuka chini ya 1, unafifia hata kama leo wagonjwa bado ni wengi.

Na kufungua shule kuna sura nyingi. Tarehe 15 Aprili 2020 Denmark ilifungua ikianza na watoto wadogo wa chekechea na madarasa ya chini. Tanzania ilianza na vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni, wengine wakafuata tarehe 29 Juni. Kenya iliwarudisha wanafunzi wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Tazama mantiki zilivyopishana. Denmark iliwatanguliza wadogo kwa sababu ndio wasioweza kubaki nyumbani peke yao wala kujisomea, na ugonjwa ulikuwa hauwaumizi sana. Kwingine walitangulia wenye mitihani. Kwa ratiba ya taifa uamuzi wa pili unaeleweka, ila mimi naona ule wa kwanza unamfaa zaidi mtoto, kwa sababu mwenye miaka saba aliyekatizwa akiwa anajifunza kusoma hana cha kushika mwenyewe, ilhali wa kidato cha sita anaweza angalau kufungua daftari.

Nafasi ni moja, wanaoigombea ni wengi

Fikiria familia yenye kipato kisichoongezeka. Mwezi huu ina kiasi fulani tu, na ikilipa ada haiwezi tena kununua sofa. Kasi ya maambukizi huendeshwa hivyo hivyo, na kikomo chake ni 1. Kila kinachokutanisha watu kinakula sehemu yake: ofisi, baa, ibada, sherehe, mikutano ya siasa, mabasi, na shule. Nchi iliyo kwenye 0.7 ina nafasi ya kutumia. Iliyo kwenye 1.1 imeshapitiliza, na ikifungua shule bila kupunguza kitu kingine, imekopa. Deni hilo hulipwa hospitalini wiki tatu au nne baadaye.

Ndiyo maana swali la iwapo shule ni salama halina maana likiulizwa peke yake. Shule ileile, yenye madawati yaleyale na walimu walewale, inaweza kufunguliwa mwezi wa pili bila tatizo na isifae kufunguliwa mwezi wa nne. Kilichobadilika ni mtaa unaoizunguka. Pale ambapo kirusi kimeenea kwa majirani kitaingia darasani tu, hata pakiwa na ndoo za kunawia mikono kila mlango. Pale ambapo kimepungua, siku nyingi zitapita hakijaingia.

Wakati Uingereza inajiandaa kufungua zaidi, Chris Whitty, mganga mkuu wa England, alionya tarehe 31 Julai 2020 kwamba huenda nchi imekaribia kikomo cha shughuli zinazoweza kufunguliwa. Baa zilikuwa wazi tangu tarehe 4 Julai. Wanafunzi wengi walisubiri mpaka Septemba. Hapo kuna uchaguzi uliofanywa, hata kama hakuna aliyesimama bungeni kusema baa zitangulie shule. Nchi nyingi zilifanya uchaguzi wa namna hiyo, na nyingi ziliufanya kimyakimya. Nadhani hapa ndipo wazazi wanapaswa kupaza sauti. Badala ya kuuliza tu shule zitafunguliwa lini, waulize ni nini kingine kitapunguzwa ili shule zipate nafasi.

Takwimu nazo huchelewa. Aliyeambukizwa leo huanza kuugua baada ya siku kadhaa, anapimwa baadaye, na akizidiwa analazwa baadaye zaidi. Kwa hiyo wagonjwa wanaotangazwa wiki ya kwanza ya muhula hawakuambukizwa shuleni, waliambukizwa likizo. Mara nyingi shule zimelaumiwa kwa wagonjwa ambao si wao, na mara nyingine zimesifiwa mapema mno kwa utulivu ambao haukuwa wao pia.

Watoto wanaambukizwa

Mwanzoni ilivuma kwamba watoto hawapati Korona. Sababu ni rahisi kuiona sasa. Waliopimwa walikuwa wagonjwa wa kuonekana, na mtoto mwenye mafua ya siku mbili, tena yuko nyumbani kwa sababu shule imefungwa, hakuna aliyempeleka kupimwa. Nchini Marekani vipimo vya damu vilionyesha kwamba kufikia Februari 2022 karibu asilimia 75 ya watoto walikuwa na alama za kuwahi kuambukizwa.

Kilicho kweli ni kwamba wachache mno walizidiwa. Makadirio ya kabla ya chanjo yanasema kati ya watoto 100,000 wa miaka 10 walioambukizwa, wangekufa wawili hivi. Kati ya wazee 100 wa miaka 85, wangekufa karibu 15. Ni nadra kukuta ugonjwa unaobagua umri kiasi hicho. Hata hivyo "wachache mno" si sawa na "hakuna". Wapo watoto waliolazwa, hasa wenye maradhi mengine, na wapo waliopata uvimbe hatari wa viungo vya ndani ya mwili wiki kadhaa baada ya kuonekana wamepona. Na mtoto anayebaki na afya anarudi jioni kwenye nyumba yenye bibi.

Lakini hayo ni ya Korona. Kosa kubwa tunaloweza kufanya safari ijayo ni kulichukua jibu la Korona na kulibandika kwenye ugonjwa mwingine. Mafua ya mwaka 2009 yaliwapata watoto na vijana zaidi, huku wazee wengi wakiwa na kinga ya zamani. Mafua ya mwaka 1918 yaliua sana watu wenye nguvu zao, wa miaka 20 hadi 40. Surua huwaandama watoto. Kipindupindu hakijali idadi ya madawati, kinajali maji na vyoo vya shule. Ebola haiambukizi kabla dalili hazijatokea, na huenezwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, si kwa kuvuta hewa ya darasa.

Tofauti hiyo ya mwisho inafafanua jambo lililowachanganya wengi: kile kipimajoto cha getini. Shule za Sierra Leone zilipofunguliwa Aprili 2015 baada ya miezi karibu tisa ya kufungwa kwa ajili ya Ebola, kumpima kila mtoto joto kulikuwa na maana, kwa kuwa asiye na dalili hakuwa hatari. Miaka mitano baadaye kifaa kilekile kilisimamishwa kwenye mageti ya shule duniani kote kwa ajili ya Korona, ugonjwa ambao mtu huanza kuuambukiza siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya, na watoto wengi huupitia bila homa yoyote. Foleni ilikuwa ndefu, imani ikawa kubwa, na walionaswa wakawa wachache.

Darasa lenyewe

Mwezi Mei 2021, katika shule moja ya msingi katika jimbo la California, mwalimu alijisikia vibaya kidogo. Pua ilimsumbua, alichoka, akadhani ni mzio. Hakuwa amechanjwa. Aliendelea kufundisha siku mbili, na alipowasomea watoto kwa sauti alivua barakoa. Madawati yalikuwa yametenganishwa karibu mita mbili, madirisha na mlango vilikuwa wazi, watoto walikuwa wamevaa barakoa. Kati ya watoto 24 waliambukizwa 12. Kwenye safu mbili za mbele, waliokaa karibu naye, ni 8 kati ya 10. Safu tatu za nyuma, ni 4 kati ya 14. Kirusi kilikuwa aina ya Delta, iliyokuwa ikisambaa haraka kuliko zile za mwanzo.

Kisa hicho kinabeba karibu somo zima. Aliyeleta ugonjwa ni mtu mzima, na alikuja kazini na dalili. Ulinzi wote ulikuwepo isipokuwa ule uliohitajika saa ileile. Umbali ulisaidia waliokaa nyuma, lakini haukuwaokoa wote. Na shughuli yenyewe, kusoma kwa sauti, ndiyo iliyotoa hewa nyingi yenye kirusi. Mtu akinena kwa nguvu, akiimba au akipiga kelele, hutoa chembe ndogo za majimaji zinazoelea muda mrefu chumbani. Chumba kikiwa kimefungwa, chembe hizo hujaa. Kukiwa na dirisha wazi upande huu na mlango wazi upande wa pili, hupungua.

Israel ilijifunza hivyo kwa maumivu. Shule zilifunguliwa zote Mei 2020, madarasa yakiwa na wanafunzi 35 na zaidi. Siku chache baadaye likaja joto kali, wanafunzi wakaruhusiwa kuvua barakoa, viyoyozi vikawashwa. Katika shule moja ya sekondari mjini Jerusalem waliambukizwa wanafunzi 153 na wafanyakazi 25. Denmark, kwa upande wake, ilikuwa imewagawa watoto katika vikundi vidogo visivyochanganyika na kuhamishia masomo mengi nje ya majengo, na kufungua kwake hakukufuatwa na wimbi jipya. Wapo wanaosema tofauti ni utajiri. Utajiri unasaidia, lakini kivuli cha mti na kundi lisilochanganyika havihitaji bajeti ya nchi tajiri.

Huko Georgia, Marekani, shule za msingi zililinganishwa Novemba na Desemba 2020. Zilizowataka walimu wavae barakoa zilikuwa na wagonjwa pungufu kwa asilimia 37. Zilizoboresha mzunguko wa hewa, pungufu kwa asilimia 39. Ulinganisho wa aina hii hauthibitishi kila kitu, maana shule inayojali hewa huenda inajali na mambo mengine. Lakini unaendana na tunachokijua kuhusu namna ugonjwa wa njia ya hewa unavyosafiri. Kupuliza dawa kwenye kuta na viwanja, ambako kulitumia pesa na nguvu nyingi, hakuendani nacho.

Hewa inaweza hata kupimwa. Tunapopumua tunatoa kaboni dioksidi, na kifaa kidogo cha mezani kinasoma imejaa kiasi gani. Nje ya nyumba kipimo huwa kama sehemu 420 kwa milioni. Darasa lenye hewa nzuri hubaki chini ya 800 hivi. Likipita 1,500, ujue watoto wanavuta hewa iliyokwisha kutoka kwenye mapafu ya wenzao. Serikali ya Uingereza ilianza kugawa vifaa hivyo mashuleni mwaka 2021, karibu 300,000. Asiye na kifaa anaweza kujiuliza jambo jepesi zaidi: madirisha haya yanafunguka? Ukipita shule nyingi utakuta yamepigiliwa misumari au yamezibwa na makabati. Huko ndiko matayarisho yanakopaswa kuanza, kabla hata ya kununua sabuni.

Bweni ni habari nyingine kabisa. Darasa lina saa saba, bweni lina usiku kucha, tena vitanda vikikaribiana. Tamko moja linalozichukulia shule za kutwa na za bweni kama kitu kimoja halijafikiriwa vya kutosha.

Walimu

Mjadala mwingi husahau kwamba shule ni mahali pa kazi pa watu wazima. Sweden ilitupa kipimo kizuri cha hili bila kukusudia. Katika masika ya 2020 wanafunzi wa hadi miaka 16 waliendelea kwenda shule, wa sekondari ya juu wakasomea nyumbani. Watafiti wakalinganisha walimu wa makundi hayo mawili. Walioendelea kuingia madarasani waliambukizwa karibu mara mbili ya wenzao. Kwa wazazi wa wanafunzi hao, ongezeko lilikuwepo lakini dogo.

Kwa hiyo mwalimu anayeuliza kuhusu usalama wake ana hoja, na si haki kumwita mvivu. Na ulinzi wake wa kwanza hauko darasani tu. Uchunguzi wa shule za msingi huko Georgia ulikuta minyororo mikubwa ya maambukizi ikianza kwa mwalimu kwenda kwa mwalimu, kwenye vikao na chakula cha mchana, kisha ndipo ikafika kwa wanafunzi. Chumba cha walimu kinahitaji madirisha kuliko chumba chochote. Na mwalimu mwenye mafua anahitaji kujua kwamba akibaki nyumbani siku tatu hatakatwa mshahara wala kuandikiwa barua. Yule wa California hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeona dalili zake ni ndogo kuliko kazi yake.

Bei ya kufunga

Uvumi mwingine, ambao mimi nauona ni wa hatari zaidi, ni kwamba kufunga shule hakuna hasara: mtoto atapoteza muhula mmoja, ataufidia. Tetemeko la ardhi lililoipiga kaskazini mwa Pakistan Oktoba 2005 lilifunga shule kwa wastani wa wiki 14 katika maeneo yaliyoathirika. Miaka minne baadaye watoto wa maeneo hayo walipimwa, na walikutwa nyuma ya wenzao kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Wiki 14 zilizaa pengo la mwaka na nusu, pengine kwa sababu waliporudi mwalimu aliendelea na silabasi ilipotakiwa kuwa, nao hawakuwa na msingi wa kuifuata. Kila wiki ikawaacha mbali zaidi. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi hawakupata pengo hilo.

Uholanzi ilifunga kwa wiki nane tu mwaka 2020, ikiwa na intaneti karibu kila nyumba. Mitihani iliyofanywa kabla na baada ilionyesha kwamba watoto hawakusonga mbele karibu hata kidogo katika wiki hizo, na kwa watoto wa wazazi wenye elimu ndogo hasara ilizidi kwa asilimia hadi 60. Kama huko ilikuwa hivyo, tufikirie kwingine. UNICEF ilikadiria mwaka 2020 kwamba wanafunzi wasiopungua milioni 463 hawakuwa na njia yoyote ya kufuatilia masomo kutoka mbali, iwe redio, televisheni au mtandao.

Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua kwa sehemu, ikafunga tena, na wanafunzi wote wakarudi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyokaa muda mrefu zaidi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati geti linafungwa alirudi akiwa na umri wa darasa la tatu. Na shule haikuwa masomo tu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilihesabu watoto wapatao milioni 370 waliokosa mlo wa shuleni kufungwa kulipoenea. Nchini Sierra Leone, wakati wa Ebola, wasichana wengi walipata mimba shule zikiwa zimefungwa, kisha zilipofunguliwa wakazuiwa kurudi kwa sababu ya mimba hizo. Amri hiyo ilifutwa Machi 2020 tu. Ugonjwa ulikuwa umeisha kitambo, lakini kwa wasichana hao shule haikufunguliwa kamwe.

Nyumbani pia hapako salama kwa kila mtoto. Hili lilijulikana zamani. Jiji la New York mwaka 1918, mafua yakiua maelfu, liliacha shule wazi kwa watoto karibu milioni moja. Kamishna wa afya, Royal Copeland, alieleza kwamba wengi wao waliishi kwenye majengo yenye msongamano, na shuleni kulikuwa na hewa zaidi, mwalimu wa kumkagua kila mmoja asubuhi, na muuguzi wa kumfuata nyumbani akiugua. Uamuzi huo unabishaniwa mpaka leo. Lakini aliuliza swali sahihi: mtoto asipokuwa shuleni, atakuwa wapi, na huko atapumua hewa gani?

Masomo ya mbali yana nafasi yake, ila yasitwikwe mzigo yasioweza kuubeba. Si jambo geni: Septemba 1937 Chicago ilifundisha kwa redio wiki kadhaa wakati polio imefunga shule. Kinachosaidia zaidi ni pale mtu anapomfikia mtoto. Huko Botswana mwaka 2020 walijaribu njia mbili: baadhi ya familia zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi, nyingine zikapata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 20 hivi kwa wiki. Ujumbe peke yake haukufua dafu. Simu ilisaidia, tena kwa simu za kawaida zisizo na intaneti.

Basi lini?

Kwa maoni yangu, ugonjwa mpya ukizuka na bado haijulikani unaua nani na unasafiri vipi, kufunga kwa wiki chache ni uamuzi wa busara. Wiki hizo zina kazi: kujua umri unaoumizwa, njia ya maambukizi, na hali ya madarasa. Zikigeuka miezi bila kazi hiyo kufanyika, kufunga kumekosa sababu. Siwezi kuikubali nchi ambayo masoko, ibada na mikutano vimerudi, kisha shule ndizo zinaambiwa zisubiri.

Vigezo navyo watu wavijue mapema. Ujerumani, Aprili 2021, iliandika kwenye sheria kwamba wilaya ikipita wagonjwa 165 kwa kila watu 100,000 kwa wiki, masomo ya ana kwa ana yasimame. Unaweza kubishana na namba, na kweli ilibishaniwa, kwa kuwa pengine wanaougua wengi ni wasiozidiwa. Lakini mzazi aliweza kusoma takwimu za wilaya yake na kujua kinachokuja. Hiyo ni heshima ambayo tamko la ghafla la usiku halimpi. Na baada ya kufungua, mgonjwa mmoja asifunge shule nzima. Vikundi visivyochanganyika vina faida hiyo hasa: kinabaki nyumbani kikundi kimoja, wengine wanaendelea.

Kisha kuna wiki za kwanza darasani, ambazo karibu hazizungumzwi. Uganda iliwapandisha wanafunzi wote darasa walipofunguliwa, na naelewa kwa nini, kwa kuwa kuwarudisha mamilioni nyuma kungefukuza wengi. Lakini kupandishwa bila kupimwa pengine ndiko kulikowaacha watoto wa Pakistan nyuma. Mwalimu anahitaji ruhusa ya wazi kutoka wizarani kwamba kwa miezi ya mwanzo asikimbize silabasi. Ampime kila mtoto kusoma aya moja fupi na kufanya hesabu za kujumlisha na kutoa, awagawe kwa wanachokiweza badala ya umri, na awafundishe kuanzia hapo. Na rejista ya mahudhurio isomwe jina kwa jina katika wiki hizo, kisha mtu atumwe nyumbani kwa kila ambaye hajaitika, akianza na wasichana waliokuwa madarasa ya juu.